Watani Wawili, Mlima Mmoja

Mtanzania hahitaji kufundishwa maana ya watani wa jadi. Taja neno hilo ndani ya daladala yoyote ya Dar na abiria wote watajua unaongelea Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyofuata mwaka 1936. Mimi ni Yanga. Mume wangu ni Simba. Nyumbani tuna televisheni moja na makochi mawili, na siku ya mechi kila mtu analijua kochi lake. Tuna miaka saba ya ndoa na hatujawahi kulala tumenuniana kwa ajili ya mpira, ingawa kuna chapati zimewahi kuungua kwa makusudi.

Sasa, mpenzi msomaji, kuna watani wengine hapa jirani ambao pengine hujawahi kuwaona wakiwa kazini. Ni Wakenya na Waganda, na uwanja wao mkubwa si wa soka. Ni wa raga.

Julai 2025 nilifunga safari mpaka Kampala kwenye Kombe la Afrika la raga. Bingwa wa mashindano yale alikuwa anakata tiketi ya moja kwa moja kwenda Kombe la Dunia la mwaka 2027 kule Australia, kwa hiyo hayakuwa mashindano ya kupimana afya. Kenya na Uganda wakapangiwa kukutana robo fainali, na Uganda ndiye mwenyeji. Rafiki yangu mmoja Mkenya, tuliyesoma naye shahada ya mawasiliano pale Mwanza, ameolewa na Mganda na makazi yake ni Kireka, karibu kabisa na uwanja. Akanipigia simu: "Njoo uone ndoa yangu ikipimwa dakika 80."

Nikaenda. Raga yenyewe nilikuwa naijua kwa mbali, lakini kuna swali wasomaji wetu wamekuwa wakiniuliza kwa miaka, hasa wale waliopenda mtu wa kabila jingine au nchi nyingine: utani unaishia wapi na dharau inaanzia wapi? Nikaona hapa ndipo pa kulitafutia jibu.

MPAKA ULIOZAA BODABODA

Nilipita Nairobi kwanza, nikaungana na kaka wa rafiki yangu na binamu zake wawili. Kaka huyu nitamwita Mjomba, maana ndivyo kila mtu Kampala anavyomwita kwa sababu ya mpwa wake wa miaka minne. Tulipanda basi la usiku, na alfajiri tukawa Busia.

Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Siku hizi kuna kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa mwaka 2018, ambapo unamaliza mambo ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Tangu mwaka 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tu. Sisi Watanzania hatumo kwenye mpango huo. Basi Mjomba na binamu zake wakapunga vitambulisho vyao na kupita kama wanaingia dukani, mimi nikabaki nafungua pasipoti na kutafuta kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mjomba akanisubiri upande wa pili na soda mkononi. "Pole, dada. Tungekubeba kwenye begi, lakini limejaa jezi."

Hapo nje utaona pikipiki nyingi kuliko watu. Lile neno letu bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huu, enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine, huku waendeshaji wakiita abiria kwa Kiingereza cha mpakani: boda, boda! Leo tunalitumia neno hilo kuanzia Tandika mpaka Kigali na hakuna anayekumbuka ni la nani. Ni la wote wawili.

Kutoka Busia barabara inakupitisha Bugiri na Iganga hadi Jinja, ambako unavuka mto Nile kwa daraja jipya la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018. Halafu unaingia msitu wa Mabira, kijani mpaka macho yanapumzika. Ukifika Namawojjolo, kabla ya Mukono, basi linavamiwa na vijana wenye makoti ya kazi na vijiti vya kuku wa kuchoma, na gonja, yaani ndizi mzuzu za kuchoma. Nyama ya kuchoma huku inaitwa muchomo. Ndiyo, ni neno letu. Limevuka mpaka bila pasipoti.

MULEMBE

Tulipofika Kireka, shemeji alitupokea getini. Alimwangalia Mjomba juu mpaka chini, akaiona jezi ya Kenya, akamwambia: "Pole kwa msiba." Mjomba akauliza msiba upi. "Wa kesho." Wakakumbatiana.

Kisha wakasalimiana kwa neno moja: mulembe. Maana yake ni amani. Mjomba ni Mbukusu wa Bungoma, Kenya. Shemeji ni Mgisu wa Mbale, Uganda. Miji hiyo miwili imelala pande mbili za Mlima Elgon, ambao Wagisu wanauita Masaba. Mlima huo una urefu wa mita 4,321, kilele chake kikubwa, Wagagai, kiko upande wa Uganda, na mpaka wa nchi hizi mbili unapita juu yake kama mstari wa chaki mgongoni mwa tembo. Watu wa pande zote mbili husalimiana kwa neno hilo hilo, na huwatahiri vijana wao hadharani katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Huku Uganda sherehe hiyo inaitwa imbalu, na wakati wake ukifika, ndugu kutoka ng'ambo huvuka kuja kucheza ngoma.

Kwa hiyo rafiki yangu alipomleta mchumba wa Uganda nyumbani, wazee wa Bungoma hawakuuliza habari za utaifa. Waliuliza ukoo. Kuna koo zilizoko pande zote mbili za mlima, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. "Walikaa nusu siku wakihesabu mababu," rafiki yangu alinisimulia. "Nilikuwa jikoni natetemeka. Niliogopa niambiwe huyu ni kaka yako." Hesabu ikatoka salama, ng'ombe wakapangwa, ndoa ikafungwa.

Na hapa niweke jambo sawa. Sisi tunamwita kila mtu wa Uganda Mganda. Shemeji alinisahihisha kwa upole: "Nnyabo, Mganda ni mtu wa Buganda. Mimi ni Mgisu." Mjomba akadakia: "Kesho saa za mechi utakuwa Mganda tu, usijifiche." Basi nami nitaendelea na mazoea yetu, kwa ruhusa ya shemeji.

Mtoto wao alikuwa anazunguka sebuleni amevaa jezi ya aina yake. Baba alinunua ya Uganda, mama akanunua ya Kenya, na fundi mmoja wa soko la Owino akazikata katikati na kuziunga: kulia Kenya, kushoto Uganda. Mjomba akampima kwa macho na kutangaza kuwa upande wa mkono wa kulia ndio unaolia chakula.

MPIRA WA YAI

Kwa ambao hamjawahi kuitazama raga, kwa kifupi ni hivi: wachezaji 15 kila upande, mpira wa umbo la yai, na kwa mkono hupasi mbele hata siku moja. Unampa mwenzako aliye nyuma yako, kisha wote mnasukumana kwenda mbele. Ukiugusisha chini nyuma ya mstari wa adui unapata trai, pointi tano, na mkwaju baada yake unaongeza mbili. Ni mchezo wa kugongana, lakini mwamuzi anaitikiwa kwa heshima kama mwalimu mkuu.

Mchezo huu uliletwa na Waingereza, na kwa muda mrefu ulikuwa wao. Nairobi, kando ya barabara ya Ngong, bado upo uwanja wa RFUEA, herufi za chama cha raga cha Afrika Mashariki kilichounganisha Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Mwaka 1955 timu ya British Lions ilikuja kucheza hapo na kuifunga Afrika Mashariki 39 kwa 12. Kuna hadithi tamu ya baa kwamba Idi Amin alikuwa mchezaji wa akiba siku hiyo. Kwamba Amin alicheza raga Jinja ni kweli. Hiyo ya akiba wanaoijua historia wanasema ni ya kuongezea bia ladha.

Wenyewe waliporithi mchezo, utani ukaanza. Tangu mwaka 2004 Kenya na Uganda hugombea Kombe la Elgon, linalobeba jina la mlima ule ule, mechi moja kwako na moja kwangu. Kenya ina majigambo mengi zaidi: ubingwa wa Afrika mwaka 2011 na 2013, na siku ile ya Aprili 2016 timu yake ya wachezaji saba ilipoifunga Fiji 30 kwa 7 na kubeba kombe la Singapore, chini ya kocha Benjamin Ayimba, ambaye alifariki mwaka 2021. Lakini Waganda watakukumbusha mara moja kwamba walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka 2007, baada ya kuwafunga Madagascar nyumbani kwao Antananarivo. "Walitutangulia kwa miaka minne," Mjomba alikiri, "na wametusimulia kwa miaka kumi na minane."

Na wachezaji wenyewe wanaazimana. Philip Wokorach, mmoja wa nyota wakubwa wa Uganda, aliwahi kuchezea Kabras Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Kakamega. Kwa hiyo kuna Wakenya waliomshangilia msimu mzima kwenye klabu yao, halafu wakamzomea alipovaa jezi ya taifa lake. Nani atasema hao si ndugu?

KISIWA, UMEME NA MAHINDI

Uwanja wa Mandela uko Namboole, juu ya kilima, na siku ya mechi barabara ya kupanda ilikuwa sherehe tosha. Vuvuzela, rangi usoni, rolex za moto mikononi. Rolex, kama hujui, ni chapati iliyoviringishiwa mayai ya kukaanga, na mimi nilikula mbili kabla ya kupata kiti.

Kabla filimbi haijalia nilikuwa na tatizo langu binafsi. Timu ya Kenya inaitwa Simbas. Wenzangu walitaka nishangilie "Simba! Simba!" Mimi? Mwana Jangwani? Nikawaambia nitapiga kelele za "Kenya" tu, na nikawatumia ujumbe mashahidi wangu Dar kuthibitisha msimamo. Mume wangu alijibu kwa picha ya simba anacheka.

Halafu yakaanza maneno. Mwanzoni nilicheka, baadaye nikaanza kusikiliza kwa makini, kwa sababu kila utani uliorushwa ulikuwa na kisa cha kweli ndani yake.

Waganda waliimba kuwa watazima umeme, na kweli Kenya imenunua umeme wa Uganda tangu enzi za mkoloni. Wakenya wakajibu kuwa watafunga mafuta, na kweli sehemu kubwa ya mafuta ya Uganda hupitia Kenya. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilipofunga barabara, Kampala ilikauka vituo vya mafuta. Kijana mmoja alisimama na bango lenye neno moja, MIGINGO. Hicho ni kisiwa kidogo cha mwamba ndani ya Ziwa Victoria, kimejaa mabati na wavuvi, na nchi hizi zimekigombania tangu miaka ya 2008 na 2009. Mwaka 2009 Rais Museveni aliwahi kusema kisiwa ni cha Kenya ila maji ni ya Uganda. Mganda mmoja nyuma yetu akapaza sauti kuwa leo Kenya wachukue kisiwa, mpira ubaki majini. Mjomba akamjibu kuhusu mahindi, maana Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na yetu pia ikidai yana sumukuvu. Hapo na mimi nikaingia, kwa sababu mahindi yetu yalitajwa.

Nikamnong'oneza rafiki yangu kama haya hayaumizi. Shemeji na Mjomba walikuwa wametukanana tangu asubuhi bila kupumzika: mmoja kaitwa mwizi wa kisiwa, mwingine mvivu wa matoke. Akanijibu huku anamfuta mtoto ketchup: "Subiri Ijumaa."

Mechi ilikuwa ngumu, miili ikigongana mpaka unasikia kule juu. Uganda hawakukubali kirahisi, na kila walipokaribia mstari uwanja mzima ulisimama. Lakini mwisho Kenya wakashinda, wakaenda nusu fainali, na mwenyeji akatolewa kwake mwenyewe.

Nikageuka kumwangalia shemeji. Alikuwa kimya, mikono kichwani. Mjomba, ambaye maneno hayajawahi kumwishia, hakusema kitu. Alivua skafu yake ya Kenya, akamfunga mpwa wake aliyekuwa amelala begani kwa baba yake, kisha akambeba yeye. Kule uwanjani wachezaji walijipanga mistari miwili na kupigiana makofi wakipita katikati. Utani ulianza tena tulipofika kwenye gari, siyo kabla.

IJUMAA, KYADONDO

Ijumaa ilikuwa tarehe 11 Julai. Shemeji aliomba ruhusa kazini mapema na sote tukaenda Lugogo, kwenye klabu ya raga ya Kyadondo. Ni mahali pa kawaida kabisa: nyasi, majukwaa, baa, timu ya Heathens na mashabiki wake.

Usiku wa tarehe 11 Julai 2010 watu walijaa hapo kutazama fainali ya Kombe la Dunia la soka kwenye skrini kubwa, Hispania na Uholanzi. Mabomu yakalipuka hapo, na mengine kwenye mgahawa mmoja wa Kiethiopia huko Kabalagala. Zaidi ya watu 70 waliuawa katika mashambulizi ya usiku huo, na kundi la Al-Shabaab la Somalia likajitangaza kuwa ndilo lililohusika.

Shemeji alikuwepo. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na aliyekaa naye chumba kimoja hosteli alikuwa Mkenya mmoja wa Bungoma ambaye usiku huo alibaki kusoma kwa ajili ya mtihani. Habari zilipofika, Mkenya yule alitoka kwa miguu, akatafuta usiku kucha, akamkuta Mulago, hospitali iliyopokea majeruhi wengi. Alitoa damu. Akalala sakafuni kando ya kitanda siku nne. Ndugu wa Mbale walipofika walimkuta yeye ndiye anajua dawa zipi zimeandikwa na daktari yupi yuko zamu.

Mkenya yule ni Mjomba. Dada yake alikuja kutoka Kenya kumletea nguo safi, na hapo ndipo hadithi ya jezi yenye rangi za nchi mbili ilipoanzia.

Kila tarehe 11 Julai, wakiwa mji mmoja, wawili hawa huja hapa na kunywa soda moja kila mtu. Hawahutubii. Walikaa kwenye ngazi za jukwaa wakitazama vijana wanafanya mazoezi. Shemeji akasema, bila kumtazama mtu: "Damu yenu ya Kenya ni nyepesi. Ndiyo maana nakimbia polepole." Mjomba akasema arudishiwe basi. Wakacheka, wakanyamaza.

Nikamkumbuka bibi yangu wa Songea. Bibi alikuwa Mngoni, na watani wa Wangoni ni Wahehe. Makabila hayo yalipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, na utani wao umeota juu ya vita hivyo. Bibi alipofariki, watani walikuja wakakalia mchanga wa kaburi, wakagoma kuondoka mpaka walipwe, wakamwigiza marehemu alivyokuwa anagomba, mpaka wafiwa tukacheka na machozi usoni. Kisha hao hao wakashika majembe. Kwetu mtani ana ruhusa ya kukutukana kwa sababu ana wajibu wa kukuzika. Huwezi kuchukua ruhusa ukauacha wajibu.

Hilo ndilo jibu nililolifuata Kampala. Utani na dharau vinaweza kutumia maneno yale yale. Tofauti utaiona siku mwenzako akianguka.

JUMAPILI

Jumapili tarehe 13 Kenya walicheza nusu fainali na Zimbabwe. Shemeji alikuwa ameapa wiki nzima kwamba atashangilia Zimbabwe, na hata alipata kofia ya kijani. Majirani zake Waganda waligawanyika: wengine wakasema jirani ni jirani, wengine wakasema jirani aliyekufunga robo fainali haombewi.

Kipindi cha kwanza kofia ilikaa kichwani. Mchezo ulipokuwa mkali kipindi cha pili nikaiona iko chini ya kiti. Dakika za mwisho shemeji alikuwa amesimama juu ya kiti hicho, sauti imemkauka, akiwaelekeza Wakenya wapasi wapi. Mjomba alimwona, akanikonyeza, akatazama mbele. Na mimi je? Acha niseme tu kwamba uwanja ulikuwa na kelele nyingi, na kama kuna mtu alisikia sauti ya Kitanzania ikiita "Simba", athibitishe.

Haikusaidia. Zimbabwe walishinda, na tarehe 19 Julai wakawafunga Namibia 30 kwa 28 kwenye fainali, wakapata nafasi ya kurudi Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1991. Kenya, ambao hawajawahi kufika huko, wakarudi nyumbani na mabegi yao. Jumapili ile usiku shemeji ndiye aliyechoma nyama. Mjomba alikula kimya. Alipomaliza akauliza kama mbuzi huyu ni wa Uganda, maana ana nyama laini kama safu yao ya ulinzi. Tukajua amepona.

KWA WAPENZI WA MATAIFA MAWILI

Nimerudi Dar na mambo matatu niliyoyaona kwenye nyumba ile ya Kireka, na nadhani yatamfaa yeyote aliyependa mtu wa upande wa pili, uwe mpaka wa nchi, wa kabila au wa timu.

Kwanza, utani wao unakwenda na kurudi. Mkiwa ndani ya nyumba na siku zote anayechekwa ni mmoja, huo si utani, ni uonevu uliovaa tabasamu.

Pili, wanajua saa ya kunyamaza. Kuanzia filimbi ya mwisho hadi kwenye gari, hakuna aliyefungua mdomo. Rafiki yangu anasema hiyo ndiyo sheria pekee iliyoandikwa kwenye ndoa yao: usimtanie mtu ambaye bado anavuja damu.

Tatu, kuna mambo hayaguswi. Wanaweza kusemana kuhusu matoke, kisiwa na mahindi mpaka asubuhi. Lakini sijasikia hata siku moja mama wa mtu akiguswa, wala swali la mtoto ni wa nani. Mtoto ana jezi yake, imeungwa katikati, na mshono umekaa imara.

UKITAKA KWENDA

Kutoka Dar unaweza kwenda kwa ndege hadi Entebbe, au kwa mabasi kupitia Nairobi kama una muda na mgongo imara. Kupitia Mwanza na Bukoba unaingilia Mutukula, njia nzuri kwa wanaotoka Kanda ya Ziwa. Beba pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Julai jioni za Kampala zina ubaridi, hivyo chukua koti jepesi. Mji una vilima, kwa hiyo wanawake wenzangu, viatu virefu viacheni hotelini. Ukipanda bodaboda dai helmeti.

Kiswahili kilipewa nafasi ya lugha ya pili rasmi ya Uganda katika mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, lakini usishangae wazee wakikitazama kwa jicho la pembeni. Kwa miaka mingi ilikuwa lugha ya askari, na wapo wanaokumbuka mwaka 1979 majeshi yetu yalipoingia Kampala. Anza na "ssebo" kwa mwanaume au "nnyabo" kwa mwanamke, sema "webale" ukipewa kitu, na milango itafunguka.

Kama unakwenda na mpenzi wako, mkae jukwaa moja lakini mchague timu tofauti. Atakayefungwa anunue rolex. Atakayeshinda ashike mdomo mpaka mfike kwenye gari.